Nikaha ya Simu

"Kiseme," Mzee Darweshi alisema. "Hicho kitu ambacho loya wako anakitaka kwa binti yangu, kiseme hapa mbele ya mama yake. Nikisikie kwa mdomo wako."

Harun aliangalia zulia. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Baba, nimeshaeleza."

"Hujaeleza. Umezungukazunguka. Mara sheria, mara utaratibu, mara wanahitaji ushahidi. Ushahidi wa nini?"

"Wa ndoa, Mzee."

"Ndoa niliifungisha mimi katika sebule hii! Cheti kina muhuri wa Kadhi. Wanataka ushahidi gani tena?"

Safiyo, binti mkubwa wa nyumba ile, aliacha kukunja sambusa. Jannat mwenyewe, mdogo wake, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai, alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na vikombe vyake.

"Wanataka walale pamoja," Bi Ruqaiya, mama yao, alisema. "Haya, nimesema mimi, na paa halijaanguka. Jannat, leta hiyo chai kabla haijawa maji ya kuogea."

Jannat aliileta. Alipoinama kumpa Harun kikombe, macho yao yalikutana mara moja tu, kisha kila mmoja akayarudisha yake haraka. Mume na mke walikuwa hao, kwa dini na kwa serikali, na hawajawahi kugusana hata vidole.

Nikaha yao ilifungwa kwa simu. Harun alikuwa Lowell, mji wa Amerika ambao Jannat aliujua kwa picha za theluji tu, na Mzee Darweshi ndiye aliyesema mambo yasicheleweshwe, kijana asije akaoa huko. Kwa hiyo Zayed, kaka yake Harun, aliketi mahali pa bwana harusi. Simu ililazwa juu ya mto, sauti ikafunguliwa hadi mwisho, na sheikh alilazimika kurudia maneno kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Huko upande wa pili Harun alikuwa amejifungia stoo ya hospitali ya wazee anakofanya kazi, alfajiri, akiwa na sare yake. Watu wakala pilau, wakaomba dua, wakaenda zao. Jannat akabaki chumbani kwake. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Bondeni, mtaa wao wa Nakuru: kufungwa nikaha ni jambo moja, kutolewa ni jingine. Mwali hutolewa siku baba yake akiridhika, kwa ngoma na vigelegele, na Mzee Darweshi alisema ataridhika siku viza itakapokuwa mkononi mwake. Alikuwa na duka la magunia na turubai, wateja wake ni wafanyabiashara wa mahindi kutoka Rongai, na kitu ambacho hakijafungwa kamba hakukiamini.

Halafu Jannat akaitwa ubalozi wa Amerika, Nairobi, kwa mahojiano ya viza.

Mwanamke wa nyuma ya kioo alimuuliza: tangu mfunge ndoa, mmeishi pamoja kwa muda gani? Jannat akanyoosha mgongo. "Hata siku moja," alisema. "Baba yangu hajanitoa." Alilisema kwa fahari. Aliamini amesema jambo zuri kuliko yote kuhusu nafsi yake na kuhusu nyumba aliyolelewa. Akatabasamu hata. Mwanamke yule akaandika kwenye kompyuta kwa muda mrefu, kisha akamweleza kwa upole kwamba kwa sheria ya Amerika, ndoa ambayo mmoja hakuwepo haihesabiwi kuwa ndoa mpaka wawili hao wakutane baadaye kama mume na mke. Ombi likafungwa. Lingeanza upya, kama lingeanza.

Harun alipopata habari aliomba likizo, akapanda ndege. Tangu afike Nakuru alikuwa anakuja kila siku na kuketi sebuleni, Safiyo akiwa katikati kama ukuta. Na kesho usiku ndege yake ingeondoka.

Mzee hamtoi mwali mpaka viza itoke. Amerika haitoi viza mpaka mwali atolewe. Jannat alikuwa amelizungusha jambo hilo kichwani hadi akashindwa kula.

"Kwa hiyo nikupe binti leo," Mzee Darweshi alikuwa anasema, "ukae naye usiku mmoja, kesho upande ndege. Halafu?"

"Halafu napeleka ombi jipya."

"Na likikataliwa? Nitakuwa nimebaki na nini?"

"Utakuwa na mkwe, Baba."

"Mkwe nilishawahi kuwa naye." Mzee alinyoosha kidole bila kuangalia anakoelekeza. "Muulize huyo."

"Baba, mimi nipo hapa," Safiyo alisema. "Usinitaje kama marehemu."

Safiyo alitolewa kwa ngoma iliyofunga barabara. Aliishi na mumewe mtaa wa Free Area kwa miezi kadhaa, mume akaenda Amerika, akasema karatasi zinafuata. Kilichofuata kilikuwa mtoto, na baada ya mtoto ujumbe wa sauti. Waliusikiliza wote katika sebule hii hii, kwa sababu Safiyo alidhani ni salamu za Idi akaufungua mbele ya watu. Sauti iliyotamka talaka ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayesoma mita ya stima. Tangu siku hiyo Mzee Darweshi hakuwahi kusema neno baya juu ya mkwe yule. Alinyamaza tu, na kumfungia Jannat zaidi.

"Si tuwafungishe tena?" Bi Ruqaiya aliuliza. "Si wote wawili wako hapa sasa?"

"Nilimuuliza imamu wa kule Lowell, Mama," Harun alisema. "Anasema ndoa haifungwi juu ya ndoa."

Adhana ya Alasiri ilisikika. Mzee Darweshi alisimama, akavaa kofia yake polepole, kama mtu anayepiga hesabu.

"Naenda msikitini," alisema. "Nitazungumza na sheikh. Nikirudi nitakuwa na jibu, na hilo ndilo litakuwa jibu. Safiyo, kaa nao."

Safiyo alihamishia beseni lake uani, wao wawili wakamfuata, akawapa mgongo.

"Nina sambusa za hoteli," alitangaza. "Masikio nimeyaacha ndani."

Uani hakukuwa na kiti. Harun aliketi juu ya gunia la viazi vya Dundori, magoti yakimjia karibu na kidevu. Jannat alisimama karibu na kamba ya nguo. Sauti ya mwanamume huyu aliijua kuliko sura yake. Kwa miaka miwili ilikuwa inaingia sikioni mwake kila usiku, chini ya shuka, na sasa akimwangalia akizungumza alihisi kama mdomo umechelewa kidogo nyuma ya maneno.

"Umekonda," alimwambia.

"Kila siku unaniambia hivyo."

"Kwa sababu kila siku umekonda." Alishika ncha ya shuka lililoanikwa. "Harun, nikuulize kitu. Na usinijibu kama unavyomjibu Baba."

"Uliza."

"Nikitoka na wewe leo, viza itapatikana?"

Harun alisugua macho.

"Sijui," alisema. "Loya anasema mwaka, pengine zaidi. Anasema wanaweza kukataa tena. Hawaahidi mtu."

"Na mimi nitakuwa hapa."

"Utakuwa hapa."

"Na tumbo pengine."

Safiyo alikohoa. Harun akashika kichwa.

"Pengine," alisema.

"Mume wa Dada alikuwa mtu mzuri," Jannat alisema. "Alininunulia baiskeli. Nilimpenda sana. Kwa hiyo usiniambie kwamba wewe ni mzuri, niambie kitu kingine."

Harun alikwangua udongo wa kiazi kwa ukucha.

"Kuna jamaa ninakaa naye, Kipkemoi. Ameacha mke Bomet. Nilipofika alikuwa anampigia kila siku, akitoka kazini kabla hajavua viatu. Sasa anampigia Jumapili, akikumbuka. Si mtu mbaya, Jannat. Amechoka. Unageuza wazee wa watu kitandani usiku kucha, asubuhi unaenda kazi ya pili, ukirudi unalala na viatu. Kule mtu anachoka mpaka anasahau anachochokea."

"Kwa nini unaniambia haya?"

"Umesema nisikujibu kama ninavyomjibu Baba."

Jannat alitaka kumwambia anyamaze, na alitaka aendelee.

"Endelea," akasema.

"Sina chumba."

"Huna chumba? Chumba ninachokiona kwa video ni cha nani? Lile dirisha lenye maua?"

"Jikoni kwa mwenye nyumba. Mimi nalala sebuleni, kuna pazia. Kipkemoi upande huu, Mnepali mmoja upande ule."

"Umenidanganya."

"Sikudanganya. Nilichagua ukuta."

Safiyo alishindwa kujizuia, mabega yakatikisika. Jannat naye alitaka kukasirika, akaona kicheko kinamjia, akakiuma. Miaka miwili alikuwa amepanga vyombo vyake akilini kwenye dirisha lile.

"Huyo mwenye nyumba," Harun alisema upesi, akiona mwanya, "ni Mreno, mama mzee kabisa. Lowell ilikuwa imejaa viwanda vya nguo, watu walikuja kwa meli kutoka kila mahali, wakajazana kwenye vyumba kama sisi. Wagiriki, Wareno, kina nani. Sasa viwanda ni fleti za matajiri, na sisi tumejazana kwenye nyumba zile zile. Siku moja nilimwambia kwamba nilioa kwa simu. Nilidhani atanicheka. Akaniletea picha ya mama yake amevaa shela, amesimama kanisani kwao Ureno na shemeji yake."

"Na shemeji?"

"Bwana harusi alikuwa Lowell anafuma nguo. Kaka yake akasimama mahali pake. Kama Zayed. Mama wa watu akapanda meli, akafika, na mumewe hakumtambua. Alipita mbele yake mara kadhaa akimtafuta mtu mwingine. Kichwani alikuwa na msichana wa miaka mingi nyuma."

"Halafu?"

"Halafu mke akamwita jina lake. Kwa sauti, mbele ya watu wote bandarini. Mama mzee anasema mama yake aliwasimulia hilo kila Krismasi. Kwamba hata yeye, mke, hakuwa amemtambua. Aliita tu jina aone nani atageuka."

Jannat aliliachia shuka. Upepo ulilipeperusha kati yao, kisha likatulia.

"Wewe unataka nini, Harun? Si loya. Wewe."

Harun alizungumza na gunia.

"Nataka tule pamoja. Mlo mmoja tu, wewe na mimi, bila dada yako kuhesabu matonge yangu."

"Sihesabu matonge," Safiyo alisema bila kugeuka. "Nahesabu macho."

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Jannat alijua kwa mwendo tu kwamba baba yake amerudi na kitu.

Mzee Darweshi alikuwa na uso wa mtu aliyepata bei nzuri. Aliwaketisha wote sebuleni, akakohoa.

"Njia ipo," alisema. "Mwanamke ambaye mumewe hajaingia kwake, akiachwa hana eda. Anaweza kuolewa hata kesho yake. Mnanielewa? Harun anamwacha Jannat sasa hivi. Kesho baada ya Alfajiri tunafunga nikaha mpya, Harun ameketi hapa mwenyewe, kwa makalio yake, hakuna simu. Jumatatu Zayed anafuata cheti. Amerika watapata ndoa wanayoitaka. Na mimi nabaki na binti yangu mpaka viza itoke."

Alitazama nyuso zao moja moja, akisubiri.

"Sheikh amesema inafaa?" Bi Ruqaiya aliuliza.

"Amesema inaruhusiwa. Hakufurahi. Lakini sikwenda kumuuliza kama anafurahi."

"Baba," Harun alisema, "wakiona nimeoa, nimeacha, nimeoa tena, yote wikendi moja, watasema ni ndoa ya kupikwa."

"Waseme. Mtakuwa mmekaa wote wawili mbele ya sheikh. Si ndicho walichokitaka?" Mzee aliinamisha mwili mbele, na sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mimi sikuchukii. Ningekuchukia nisingekuoza. Lakini loya wako hajazaa mabinti. Neno moja tu. Kesho unamchukua tena."

Hapo ndipo Jannat alipoogopa kweli. Si kwa sababu baba yake alikuwa na makosa. Kwa sababu alikuwa na hoja. Ilikuwa hoja safi, imefungwa kamba pande zote, na Harun alikuwa amechoka. Alimwona akiisikiliza. Alimwona akitafuta tundu lake na kulikosa.

"Na kesho ikitokea jambo?" Jannat aliuliza. "Sheikh akiugua? Barabara ya Mai Mahiu ikifungwa na Harun alazimike kuondoka mapema?"

"Jannat, wanaume wanazungumza," Mzee alisema.

"Wanazungumza kuhusu nani?"

"Nyamaza mama," baba yake alisema, na hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. "Nakulinda."

Harun alipangusa uso kwa viganja viwili. "Kama hiyo ndiyo njia ya wewe kuridhika, Baba," alisema polepole. "Kama ni mpaka kesho asubuhi tu."

"Mpaka kesho asubuhi tu."

Jannat alifanya kazi kwenye duka la dawa mjini. Aliwajua watu wanaokaribia kuchomwa sindano: wanajinyoosha, wanaangalia pembeni, wanavuta pumzi. Harun alijinyoosha. Akaangalia pembeni.

"Jannat binti Darweshi," alisema, na pumzi ikaingia. "Nime..."

Jannat hakukumbuka baadaye alivyovuka zulia. Alijikuta amepiga magoti mbele yake, na kiganja chake kimeziba mdomo wa Harun.

Ndevu zilimchoma. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndevu zinachoma, wala kwamba pumzi ya mtu inaweza kuwa na joto kiasi kile. Macho ya Harun yalikuwa karibu sana. Yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na woga ule ule aliokuwa nao yeye.

"Usiseme," alimwambia.

"Jannat!" Mzee Darweshi alikuwa amesimama. "Toa mkono!"

"Sitoi, Baba. Nikitoa atasema."

"Mbele yangu! Una wazimu?"

"Ni mume wangu. Kumgusa si haramu." Sauti ilikuwa inamtetemeka na hakuweza kuituliza, basi akazungumza nayo hivyo hivyo. "Ana talaka tatu tu, maisha yake yote. Moja mnataka aitoe leo kwa ajili ya mtu wa dirishani?"

"Kesho nitakuoza tena! Hukusikia?"

"Nilisikia. Na usiku wa leo nitakuwa nani?"

Jannat aliona kwamba Mzee hakuwa amelifikiria hilo.

"Na akikuacha huko mbele?" Mzee alisema, na sasa sauti yake ndiyo iliyovunjika. "Urudi kukaa hapa na dada yako, umebeba mtoto wa mtu wa simu? Mimi nina moyo mmoja, Jannat. Ulishapasuliwa."

Safiyo aliinua kichwa, akaangalia ukuta.

"Pengine ataniacha," Jannat alisema. "Ameniambia mwenyewe jinsi watu wanavyochoka kule. Pengine nitakuja kulia kwenye kochi hili hili. Lakini hilo neno hajawahi kulitamka, Baba. Asijifunze leo. Na asifundishwe na sisi."

Chini ya kiganja chake alihisi midomo ya Harun ikisogea. Haikuwa inasema kitu. Ilikuwa inatetemeka tu.

"Siku ya nikaha uliniuliza mlangoni pa chumba changu kama nimemkubali," alimwambia baba yake. "Ukarudia, nikakujibu ndiyo kila mara. Hukuniuliza kama nimekubali viza."

Aliondoa mkono mdomoni mwa Harun, akaushika mkono wake badala yake, akasimama naye.

"Twende kwa Zayed, Lanet," alisema.

Harun alimwangalia Mzee Darweshi, akamwangalia mke wake. "Sasa hivi?"

"Unataka nipike kwanza?"

Alichukua buibui kwenye msumari wa nyuma ya mlango, akalivaa kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili hakutaka kuuachia. Mkoba wake wa kazini ulikuwa pale pale, na kitambulisho ndani. Hakuchukua kingine. Hakuwa na hina mikononi, hakuwa amefukizwa udi, na kucha zake zilikuwa na unga wa sambusa za dada yake.

"Hakuna ngoma," Mzee Darweshi alisema kutoka alikosimama. "Hakuna watu. Unatoka nyumbani kwangu kama mwizi, mchana, majirani wakikuona. Mama Safiyo, mzuie mtoto!"

Bi Ruqaiya aliinuka, akaanza kuifunga leso kiunoni.

"Nimzuie asiende kwa mumewe?" alisema. "Nitajibu nini siku ya kiama, Baba Safiyo? Kwamba nilikuwa nasubiri ubalozi?"

Jannat alifungua mlango.

Mtaa mzima ulikuwa nje. Ndivyo mtaa unavyokuwa Jumamosi jioni. Vijana walikuwa wanaosha pikipiki, wanawake wameketi kwenye vizingiti, na ng'ambo ya njia Namalwa, jirani yao wa miaka, alikuwa anatundika shuka huku vibanio vya nguo vikiwa mdomoni. Mmoja akatazama, kisha wote. Walimwona binti wa Mzee Darweshi ameshikana mkono na mwanamume, hana hina, hana shangazi wa kumsindikiza, macho yamemvimba.

Jannat alijua kesho watasema nini kwenye bomba la maji. Alijua mwaka ujao watasema nini kama viza haitatoka, na jinsi watakavyokuwa wanaliangalia tumbo lake akipita. Hatua chache tu kutoka mlangoni na tayari alitaka kurudi akae kitandani kwake, msichana wa baba, hajagusa na hajaguswa.

"Turudi?" Harun aliuliza kwa sauti ya chini.

"Usiniulize. Tembea."

"Jannat!" Namalwa alitoa vibanio mdomoni. "Ni kwema? Mnaenda wapi hivyo?"

Jannat aliubana mkono wa Harun, akaendelea kutembea.

Ndipo nyuma yake ikatoka sauti. Mwanzoni ilikuwa nyembamba na yenye kutu, sauti ya mwanamke ambaye hakuwa amepiga kigelegele tangu harusi ya Safiyo. Ilikatika katikati. Ikaanza upya, juu zaidi, na safari hii ikashika. Jannat aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama kizingitini, leso ameifunga kiunoni kama mtu anayetaka kupigana, kichwa amekirudisha nyuma, na alikuwa anapiga kigelegele peke yake huku machozi yakimwingia masikioni.

Safiyo alitokea nyuma ya bega lake, mikono imejaa unga hadi viwiko. Alimtazama mdogo wake kwa muda. Kisha naye akapiga, kwa nguvu, karibu kwa hasira.

"Mama Safiyo!" Namalwa aliita. "Kuna nini huko kwenu?"

"Kuna harusi, Namalwa! Unataka mpaka upewe kadi?"

Namalwa aliliacha shuka likaanguka lilipoanguka. Kigelegele chake kilikuwa cha kwao Bungoma, kizito, kinachotoka tumboni, na kilivuka njia kama kimerushwa. Mwanamke wa nyumba ya pembeni akaitikia bila kujua anaitikia nini. Kisha wa ghorofa ya juu. Vijana wa pikipiki wakapiga honi. Kufika kwenye kona, habari ilikuwa imeshawatangulia, na watu waliokuwa wanawashangaa sasa walikuwa wanawapisha njia.

Mzee Darweshi alikuja hadi mlangoni. Alisimama nyuma ya mkewe, kofia mkononi. Hakutoka nje. Lakini hakumwambia mkewe anyamaze, na mtu wa Bondeni yeyote angekuambia kwamba mwali aliyepigiwa kigelegele na mama yake hadi njiani, huyo ametolewa.

Harun alisimamisha tuktuk. Alipoinama kumwambia dereva, maneno hayakutoka. Akajaribu tena. Hakuna.

Jannat aliingia kwanza, akamvuta ndani. Nyuma yao wanawake walikuwa wameanza kufuata, Namalwa mbele, malapa yakipiga lami.

"Lanet, boss," alimwambia dereva. "Na uende polepole. Tunasindikizwa."